Kasuku na Filamu Aliyoikataa

Ndugu, majirani na wote mliokuja kumsindikiza, huyu tunayemlaza leo ndiye mliyemwita Kasuku. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Alitaka ijulikane wazi, kabla hajafukiwa, ni nani hasa aliyeikataa ile filamu na kwa nini.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 8 Novemba 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mfua nguo wa hospitali. Dada yake, aliyekuwa na miaka sita, alikabidhiwa kumbeba mgongoni. Hakumshusha hadi siku alipooa, na hata hapo alimshusha shingo upande.

Alianza shule Januari 1957. Hakuwa hodari wa hesabu, tuseme ukweli, lakini akisikia jambo mara moja limekwisha kaa. Siku moja ya kufunga shule, mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi akagundua karatasi ya hotuba yake haionekani. Mtoto huyu, ambaye wiki nzima alikuwa akifagia chini ya dirisha la ofisi, alinyanyuka akaitoa hotuba yote, pamoja na kikohozi cha mwalimu mahali pake. Jina la Kasuku lilianzia hapo.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa fundi taa katika ukumbi wa maigizo. Juu ya ngazi yake alisikiliza mazoezi mwaka mzima, na mwigizaji mkuu alipolazwa ghafla, Kasuku alishuka akasema, "Mimi ninayajua maneno yote. Hata ya mama mkwe." Tangu siku ile hakupanda tena ngazi. Aliigiza miaka ishirini na miwili, na watu walipanga foleni kumwona.

Tarehe 21 Agosti 1976 alimwoa mnong'onezaji wa ukumbi huohuo, yaani yule anayekaa nyuma ya pazia na maandishi mapajani, amtupie neno mwigizaji aliyesahau. Dada mtu hakufurahi. Alisema mbele za watu, "Mke anayelipwa kwa kunong'ona, nyumba yake itakosa fitina?" Watu walicheka, na bibi harusi naye alicheka. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tufike penye uchungu. Aprili 1991 mtengeneza filamu mmoja mashuhuri kutoka nje alifika nyumbani kwa Kasuku na mkataba mkononi. Alimtaka awe hakimu kipofu katika filamu ambayo baadaye ilizunguka dunia nzima. Dada mtu alikuwepo, amevaa nguo za sikukuu. Kasuku aliusoma mkataba, akaukunja, akasema, "Samahani, bwana. Mke wangu hataki." Mkewe alikuwa mlangoni ameshika sinia la chai. Aliliweka mezani, akasema, "Ndiyo, sitaki."

Miaka miwili baadaye mwigizaji mwingine alipokea tuzo kubwa kwa nafasi hiyo, na ukoo mzima ulitazama kwenye televisheni huku ukisonya. Kasuku alikuwa ameacha jukwaa, anauza tiketi kwenye kidirisha cha ukumbi uleule. Dada yake aliamini kwamba wivu wa mke ndio uliomfunga ndugu yake miguu, na hakukaa na imani hiyo kimya. Aliisema misibani, aliisema harusini, aliwaambia hata watoto wa mama yule kwamba mama yao alikuwa gogo njiani mwa baba yao. Kwa miaka ishirini na minane hakukanyaga nyumba ya wifi yake. Kasuku ndiye aliyemfuata dada kila Jumapili, akayasikia yote, akainamisha kichwa.

Tarehe 2 Machi 2019 alipatwa na kiharusi akalazwa, chumba cha vitanda sita, chake karibu na dirisha. Dada alilazimika kukaa kiti cha upande mmoja, wifi upande wa pili. Maneno yalikuwa yakimponyoka mgonjwa. Alipotaka kitu alimtazama mkewe, mkewe akamnong'oneza "maji" au "mto", naye akarudia.

Adhuhuri ya siku ya tisa alimgeukia dada yake. "Ile filamu," akasema, kisha akakwama. Akamtazama mkewe apewe neno. Mkewe alilijua, lakini safari hii alitazama dirishani, akanyamaza. Ilimchukua karibu robo saa, jasho likimtiririka, kulitafuta peke yake. "Si yeye, dada. Mimi. Kichwa... hakishiki."

Mengine daktari alimweleza dada kwenye korido ya wodi. Kasuku alikuwa amepata kiharusi kidogo mwaka 1988, tukaambiwa ni homa. Tangu hapo hakuweza kushika maneno mawili ya mchezo. Yaliyobaki dada aliyajumlisha mwenyewe: kwa miaka mitatu mkewe alimlisha kila sentensi kutoka nyuma ya pazia, na ule ukimya mrefu wa Kasuku jukwaani ambao magazeti yaliusifu, alikuwa anasubiri aambiwe. Kwenye filamu kinasa sauti kingemnasa mama yule akinong'ona. Kasuku aliona heri watu waseme ana mke mbaya kuliko waseme Kasuku amesahau. Ndugu yetu alikuwa mtu mwema, na hilo alilofanya lilikuwa baya. Yote mawili ni kweli.

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Dada huyo alimpelekea mjane karatasi hizi azipitie kabla hazijachapishwa. Mwishoni alikuwa ameandika aya nzima ya kumwomba radhi. Mjane alivaa miwani, akasoma yote, akaikata aya ile kwa kalamu, mstari mmoja mmoja.

"Hayo ya mwenzangu yasome, wifi, alitaka yasomwe," alisema. "Lakini msamaha usiniombe mbele ya watu. Nitalazimika kukupa."

Kwa hiyo aya hiyo haimo. Pumzika kwa amani, Kasuku.