Mzee Tuntufye wa Ikinga na Binti Aliyebonyeza Nyuzi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Vwawa, Mlowo na Chitete, nanyi madereva mliosimama kwenye foleni ya malori hapo Tunduma, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mzee Tuntufye Kibona wa Ikinga, wilaya ya Ileje. Ametutoka akiwa na miaka sabini na sita. Alikuwa mkulima wa kahawa. Na alikuwa mpigaji wa gitaa la nyuzi tatu, gitaa alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Habari zake tumepewa na binti yake, Fausta. Alikuja hapa studioni Jumatatu. Tulimpa maji, akayashika tu, hakunywa. Akasema, "Semeni yote. Msinipambe." Tukamwahidi.

Mzee Tuntufye alipokuwa kijana alivuka mpaka kwenda Zambia, kwenye migodi ya shaba. Huko ndiko alikoona wachimbaji wakipiga magitaa ya mabati. Aliporudi nyumbani akatafuta bati la mafuta, akachonga shingo ya mti, akachambua waya wa breki ya baiskeli na kupata nyuzi tatu. Dada yake, Bibi Ferista, bado anakumbuka. "Wenzake walirudi na baiskeli na mablanketi," anasema. "Kaka yangu alirudi na nyimbo. Tulimcheka wiki nzima. Halafu tukacheza."

Mkewe alifariki mapema, akamwachia watoto wawili, Fausta na Barnaba. Mzee aliwalea kwa kahawa na kwa gitaa. Kila penye harusi, Ileje yote, aliitwa. Kwa gitaa hilo Fausta alisoma mpaka chuo. Kwa gitaa hilo, wasikilizaji wapendwa. Fausta alilijua hilo tangu mwanzo, na ndilo linalomuuma zaidi.

Baada ya chuo Fausta akapata kazi Tunduma, kwenye ofisi ya kupitisha mizigo mpakani. Mwenye ofisi ni Bi Sabra, mfanyabiashara mwenye asili ya Tanga. Fausta alipenda ile kazi. Alipenda pia jinsi wenzake walivyomwona: msichana wa mjini, mwenye kucha ndefu na Kiingereza kizuri.

Mchana mmoja, miaka mitatu iliyopita, Fausta alitoka na Bi Sabra na wenzake wawili kwenda kula. Pembeni ya foleni ya malori kulikuwa na kikundi cha madereva wanacheka na kupiga makofi. Katikati yao alikaa mzee juu ya ndoo, suruali imekunjwa, miguu ina vumbi, anapiga gitaa la bati. Alikuwa baba yake. Alikuja kumsalimia mwanawe, hakuijua ofisi, akakaa hapo kusubiri.

Mzee akamwona. Akaacha kupiga. Akaita, "Fausta."

Bi Sabra akageuka. "Unamfahamu?"

Fausta akasema, "Ni mzee wa kijijini kwetu tu."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Mzee alikuwa hatua nne kutoka pale. Alisikia kila neno.

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni kilichofuata. Mzee Tuntufye hakukasirika. Alitabasamu, akamwambia Bi Sabra, "Ndiyo, mama. Tunatoka kijiji kimoja. Ukoo wao ni watu wazuri." Bi Sabra akampa soda aliyokuwa ameishika. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Siku hiyohiyo akapanda gari, akarudi Ikinga, bila kufika nyumbani kwa binti yake.

Baba alimsaidia binti kumkana. Fausta alienda kula wali na wenzake.

Hakupiga simu wiki hiyo. Wala mwezi huo. Kila alipoishika simu, aibu ilimtangulia. Ukapita karibu mwaka mzima, ndipo Barnaba akampigia: "Baba ameanguka. Ni kiharusi. Mkono wa kushoto umekufa."

Fausta akaomba likizo akaenda. Alimkuta baba yake amekaa kwenye mkeka, mdomo umepinda kidogo, gitaa liko mapajani. Mkono wa kulia ulikuwa unacharaza nyuzi. Lakini gitaa halitaki mkono mmoja. Lazima mkono wa kushoto ubonyeze shingoni, na wa mzee ulilala tu kama nguo iliyoanguka. Sauti ikawa ileile moja, haipandi, haishuki.

Mzee akamtazama binti yake. Akasema neno moja, kwa shida: "Bonyeza."

Fausta akakaa ubavuni pake. Bega kwa bega, kama ambavyo hawakuwa wamekaa tangu utoto wake. Akaweka vidole kwenye shingo ya gitaa. Mzee akacharaza. Uzi ukakoroma. Mzee akasema, "Bado."

Hivyo ndivyo alivyoanza kujifunza, akiwa na miaka thelathini na minne. Shingoni kulikuwa na sehemu zilizong'aa, zilizochakaa kwa vidole vya mzee, na Fausta alidhani kazi ni kuweka kidole palipong'aa. Kumbe ukikosea kwa unene wa punje ya mtama, sauti inaharibika. Siku ya pili akakata kucha zake zote. Siku ya tatu vidole vikachanika. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama kutazama mwanamke wa ofisini anavyoharibu wimbo wa harusi wanaoujua wote. Mzee hakumkemea. Alisimamisha mkono, akasubiri, akaanza tena.

Likizo ikaisha. Kila Ijumaa Fausta akawa anapanda gari pale njia panda ya Mpemba kwenda Ileje.

Siku moja akajipa moyo. Akasema, "Baba, ile siku ya kwenye malori..."

Mzee akacharaza nyuzi zote tatu kwa nguvu. "Bonyeza," akasema.

Alijaribu mara mbili nyingine. Mara zote mzee alifunika maneno yake kwa gitaa. Mpaka leo Fausta hajui kama ule ulikuwa msamaha, au kama mzee hakutaka tu kuisikia tena.

Mwanzoni mwa mwezi huu Mzee Tuntufye alifariki akiwa usingizini. Msibani wakaja watu wa ofisini. Bi Sabra alipoiona picha juu ya jeneza akamwinamia Fausta, akauliza kwa upole, "Huyu si yule mzee wa kijijini kwenu?"

Bibi Ferista akainua kichwa. Barnaba naye.

Fausta akajibu, watu wakisikia: "Ni baba yangu. Siku ile pia alikuwa baba yangu. Nilikudanganya, na yeye akanifichia."

Bi Sabra akakaa chini. "Hata shikamoo sikumpa," akasema. "Nilimpa soda kama mpita njia."

Barnaba akamletea dada yake gitaa. Fausta akalipiga mbele ya watu. Mkono wa kushoto ulijua kila pahali. Mkono wa kulia haukujua kitu, maana siku zote ule ulikuwa wa baba. Wimbo ulivunjika katikati. Hakuna aliyeumalizia.

Tunawapa pole Fausta na Barnaba. Pole Bibi Ferista, na wote wa Ikinga. Fausta hakutuomba tuseme kwamba amesamehewa, nasi hatutasema. Alituomba tuseme alichofanya, na jina la aliyemfanyia. Tuntufye Kibona. Baba wa Fausta.

Nawe unayetusikiliza, nani anakuita kwa jina lako barabarani, nawe unajifanya husikii? Wasikilizaji wapendwa, tukae kimya kidogo, kila mtu na wa kwake.