Mji wa Nguma Uliokuwa Ukutani

Shikamooni wazee wetu, na nyote mliofika hapa Changamwe kumsindikiza Nguma. Mimi ni Mbeyu, dada yake. Mzee wa kanisa, Bwana Jefwa, ndiye aliyepangiwa kusoma wasifu wa marehemu. Nikamwambia hapana, haya nitayasema kwa kinywa changu, hata kama sauti haitafika mwisho.

Marehemu Nguma wa Lewa alizaliwa Jomvu Kuu tarehe 9 Aprili 1913, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Lewa na Mama Kache, ambao wametutangulia. Nilimbeba mgongoni, na alikuwa mzito huyo!

Alianza shule ya misheni mwaka 1921, akafika darasa la nne. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore samaki. Nguma akachora samaki amevaa kanzu, ameshika mwavuli. Akala viboko vitatu. Nilipomuuliza samaki aenda wapi na mwavuli, akasema, "Yuko peke yake, dada. Anakwenda kutafuta watu." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwaka 1932 aliajiriwa karakana ya reli, kupaka rangi na kuandika namba kwenye mabehewa. Namba zake hazikupinda hata moja. Msimamizi alimruhusu kuchukua rangi iliyobaki chini ya makopo, akawa anakwenda nayo chumbani kwake.

Tarehe 6 Agosti 1938 alifunga ndoa kanisani na Nyamvula, binti mpole mwenye kicheko kizuri. Mwezi Mei 1940 Nyamvula alifariki akijifungua, na mtoto naye hakuishi. Tukakaa matanga, tukala, tukatawanyika. Hapo ndipo tulipomwacha, jamaa zangu. Nilimwambia aoe tena, nikaona nimemaliza kazi yangu.

Nguma hakuoa. Alianza kuchora mji ukutani, mji mzima juu ya mgongo wa kasa mkubwa, watu wake wana mabawa na taa vichwani. Bwana Mwangi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliniambia juzi, "Mama, huyu bwana kila jioni nilimsikia akisema, 'Hamjambo humu ndani?' Nilidhani ana wageni. Lakini sikuona hata mmoja akitoka."

Kila nilipokutana naye sokoni alikuwa akiniambia, "Shikamoo dada. Njoo uuone ukuta wangu." Nami nikamjibu, "Marahaba. Ukuta utanikimbia? Nitakuja." Kutoka kwangu Mtopanga si safari ya kutisha. Miaka minane, sikwenda.

Mwaka jana aliugua kifua. Daktari alifanya alivyoweza, kisha akamrudisha nyumbani. Nilikuja wiki iliyopita kumuuguza, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya baridi na kile kikohozi. Ukutani niliona marangirangi na masizi tu. Jumatano sauti ilikuwa imemkauka. Akainua kidole, akaonyesha ukuta, upande wa pembeni, akanitazama. Nikadhani aona haya wageni watakuta chumba kichafu. Nikamwambia, "Usijali, ndugu yangu, tutaupaka." Akatikisa kichwa. Nikamfunika shuka. Alikata roho alfajiri ya jana, Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1948.

Nanyi mwajua desturi yetu, nyumba ya msiba hupakwa chokaa kabla watu hawajaja kukaa. Asubuhi hiyo hiyo, dirisha bado limefungwa, nilipaka kwa mkono wangu, mara mbili, ikawa nyeupe pe. Mkanisifu.

Jioni Bwana Jefwa akaniomba tarehe za kuandika wasifu huu. Nikafungua sanduku la marehemu kutafuta cheti cha ubatizo, nikakuta daftari. Ni mashairi matupu, na la mwisho ni hili:

Mji wangu wa kasani, nyumba hazina kufuli,
Wenyeji ni wengi ndani, hunijulia na hali,
Nikirejea kazini, wananingoja kwa mbali,
Kigoda kipo pembeni, Mbeyu hajakikalia.

Nilichukua kisu nikakwangua ile pembe. Chokaa ilibanduka na rangi pamoja, nikafika kwenye udongo. Hakuna kigoda. Bwana Mwangi akanishika mkono akasema basi, mama, basi. Sasa nifanye nini? Niambieni, nyinyi wenye akili.

Marehemu ameacha dada mmoja, mimi Mbeyu. Wapwa wawili, Chengo na Nyevu. Jirani yake Bwana Mwangi. Na wenzake wa karakana. Ameacha pia wenyeji wa mji wake, waliokaa naye miaka minane nisiyokaa mimi. Hao ningewataja kwa majina, lakini siwajui, na nimewafunika kwa mkono huu.

Nguma, pumzika kwa amani, wewe uliyeniwekea mahali pa kukaa. Nimefika, ndugu yangu. Nimesimama.