Mama Vailet Anateremka Mlimani, Wanane Wanabaki Wanane

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuwapandisha watoto wa watu mlima Kwaraa na kuwateremsha, Bi. Marietha Sulle, ambaye hapa Kituo cha Safari za Wanafunzi tunamwita Mama Vailet, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kila mtoto aliyeondoka naye asubuhi alirudi naye jioni. Tunalitanguliza hilo kwa sababu mwenyewe angelitanguliza, kisha angeuliza chai iko wapi.

Nimeombwa kuandika haya mimi Faudhia, mpishi wa kituo, ingawa mlimani kwenyewe nimefika mara moja tu na magoti yangu hayajanisamehe. Nadhani wamenichagua kwa kuwa Mama Vailet akiwa na furaha huja jikoni, na akiwa na wasiwasi huja jikoni vilevile. Mwaka huu alikuja sana. Swali lililokuwa likimsumbua lilikuwa moja tu: akishaondoka, nani atawaambia watu hapana?

Mzaliwa wa Dongobesh, aliolewa hapa Babati, Nakwa, na akaajiriwa kituoni kama msaidizi wa mwongozaji. Wakati huo shule ilikuwa inaleta darasa zima kwa lori. Mwongozaji alitangulia na fimbo yake, mwalimu alifuata nyuma na mwavuli wake, na watoto wa katikati waliachiwa Mungu. Mungu aliwalinda, lakini Mama Vailet aliona tunamchosha. Msitu wa Kwaraa una nyati, una tembo, na una ukungu unaoshuka wakati watu bado wanasifia jua. Msimamo wake aliusema siku hizo hizo za mwanzo, mbele ya meneja, na hajaubadilisha mpaka leo: "Kama huoni uso wa kila mtoto, hapo husimamii, unasindikiza."

Sasa wangapi ndio wanaoonekana? Jibu alilipata kwenye sinia. Asubuhi kabla ya safari watoto hula makande, na sinia zetu za wakati ule zilitosha watoto wanane waliokaa kuzunguka, kila mmoja na kijiko chake, bila yeyote kujificha nyuma ya mwenzake. Akatangaza kwamba mwongozaji mmoja anapanda na sinia moja. Aliyekosa nafasi kwenye sinia anasubiri kundi linalofuata. Watoto walielewa mara moja. Walimu walichukua muda, maana mtu aliyesafiri na darasa zima kutoka mbali hapendi kuambiwa nusu yake wabaki chini wakicheza rede.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu Wolfgang, mtu mwema, mcheshi, na mbishi kupita kiasi. Mwaka mmoja wa mvua nyingi alifika wakati Mama Vailet amekwenda msibani Mbulu, na zamu ilikuwa ya Ludovick, mwongozaji kijana aliyeajiriwa karibuni. Mwalimu Wolfgang alikuwa ameipigia hesabu sheria yetu akiwa nyumbani. Alishuka kwenye basi na sinia la harusi, alilolikodi kwa Bwana Halidi wa vyombo pale sokoni, mojawapo ya yale wanayoleta na mbuzi mzima juu yake. Watoto kumi na watano wakakaa kulizunguka na nafasi ikabaki. Mwongozaji mmoja, sinia moja. Ludovick akalitazama, akaikumbuka sheria kama alivyofundishwa, hakuona ilipovunjwa, akapanda nao.

Ukungu uliwakuta msituni. Walipofika kwenye mwamba wa kupumzikia, Ludovick alihesabu kumi na wanne. Akahesabu upya, huku Mwalimu Wolfgang naye akihesabu kwa sauti mpaka wakachanganyana. Aliyekosekana alikuwa Xaveria wa darasa la sita, ambaye alisimama kutoa mwiba kwenye kiatu, na alipoinua kichwa hakuona mtu.

Simu ilimkuta Mama Vailet stendi ya Babati, akishuka kwenye basi la Mbulu akiwa bado na kanga ya msiba. Hakupita nyumbani. Alifika hapa, akawachukua askari wawili wa msitu, akapanda. Mimi nilibaki na watoto wengine ambao walikuwa wameshateremshwa, na hakuna hata mmoja aliyetaka kula. Mwalimu Wolfgang alikaa kwenye ngazi ya jikoni akiwa ameshika kichwa. Nikamwekea chai, ikapoa pale pale.

Xaveria walimkuta jua halijazama. Alikuwa ameketi chini ya mti, ameukumbatia, kama watoto wote wanavyoelekezwa kabla ya kuondoka: ukipotea, kaa ulipo na utoe sauti. Wengi huimba. Yeye aliona haya kuimba peke yake msituni, kwa hiyo akawa anatamka jedwali la kuzidisha kwa nguvu, na askari walimfuata kwa kusikia saba mara sita. Tulipowaona wakitokea chini ya miti, mtoto amebebwa mgongoni kwa kanga ile ya msiba, Mwalimu Wolfgang alilia waziwazi. Mimi pia nililia. Mama Vailet yeye alimkabidhi mtoto, akakaa chini kwenye nyasi, akacheka mpaka tukaogopa.

Ludovick alitegemea kufukuzwa. Kesho yake Mama Vailet alimwita mbele yetu sote, akasema: "Wewe ulifuata sheria, mwanangu. Mimi ndiye niliyeweka macho yangu kwenye chombo, na chombo kinanunuliwa kikubwa." Tangu siku hiyo hatupimi kwa sinia. Kwenye ubao wa getini imeandikwa kwa rangi: watoto wanane kwa mwongozaji mmoja, watano kama ni wadogo, na ukungu ukishuka hakuna anayeendelea. Mwalimu Wolfgang mwenyewe alinunua rangi. Bado analeta watoto kila mwaka, na bado anabishana, ila siku hizi anabishana kuhusu chumvi ya makande yangu.

Yako mengine ya kumsifia, na akisoma hapa atanuna kwamba nimeyafupisha. Amewafundisha kazi waongozaji wote tulionao. Alipigania buti za mpira na makoti ya mvua mpaka yakapatikana. Ameimba sauti ya pili kanisani tangu hata sijamfahamu, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikitoboa msitu akiita majina.

Lakini turudi kwenye lile swali lake. Shule zinazoomba nafasi zimeongezeka, na mwaka huu mwenyekiti wetu wa bodi, Mzee Wilbroad, alianza kusema kwamba kumi na wawili nao si wengi. Mama Vailet alijua akipinga yeye watasubiri astaafu tu. Akanyamaza, na kila siku akawa anakuja kumenya viazi ambavyo sikuwa nimepanga kuvipika.

Mwezi wa tano lilikuja basi lililojaa kuliko tulivyokubaliana, siku ambayo mwenyekiti mwenyewe alikuwa kituoni. Zamu ilikuwa ya Ludovick. Mama Vailet alikuwa jikoni, dirisha liko wazi, kisu mkononi, na nilimwona amekiacha kiazi katikati. Mzee Wilbroad akamwambia Ludovick awapange kumi na wawili kumi na wawili, watoto wasikatishwe tamaa. Ludovick alimwamkia shikamoo kwanza, kwa heshima zote, ndipo akasema: "Mwenyekiti, wanapanda wanane. Wanaobaki nitawapandisha kesho, au mzee upande nao wewe."

Mzee Wilbroad aliutazama mlima, akawatazama watoto, halafu akauliza waliobaki watalala wapi. Tukawalaza bwaloni, na Juni bodi ikapitisha wanane bila mtu kunyoosha mkono kupinga. Siku ile jikoni Mama Vailet alishusha pumzi ambayo naamini aliibana tangu Januari, akaniambia viazi vinatosha. Hajamenya tena.

Mama Vailet, tunakushukuru kwa kila mtoto aliyelala kwao. Nyumba yako ya Nakwa iwe na afya, shamba likubali, na wajukuu wakuchoshe kwa kiasi. Jumamosi tutapanda mlima pamoja kukuaga. Tumejiandikisha wengi, kwa hiyo tutakwenda kwa makundi, na mimi na magoti yangu tuko kundi la mwisho. Wewe uko kundi la Ludovick, nafasi ya tano, katikati kabisa. Usigeuke nyuma kuhesabu. Safari hii unahesabiwa wewe.