Mama Domina na Mvinyo wa Mwaka wa Mvua

Baada ya miaka kumi na minane ya kunusa, kuonja na kubishana na Waitalia, Mama Domina Kokushubira anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Chumba cha kuonjea mvinyo hapa Rockville, Marekani, kitapata amani, na sisi tutapata upweke.

Alianza kwa kuosha glasi. Kilichompandisha hadi meza ya waonjaji ni pua yake, na pia mdomo wake, maana kila chupa iliyofunguliwa aliitolea maoni bila kuulizwa. Shida ilikuwa kutema. Mwonjaji asipotema hafiki chupa ya kumi, lakini kwao Bukoba kutema kinywaji ulichokaribishwa ni matusi. Wiki ya kwanza Mama alimeza vyote, akaongoza nyimbo za kanisa ghalani hadi saa ya kutoka. Baadaye alikubali kutema, ila kwa kugeuka kando na kumwomba radhi mkulima aliyeko Italia.

Tathmini zake zilitupa kazi. Aliposema mvinyo fulani wa Toscana unanuka beberu aliyenyeshewa, Mutai, meneja wetu wa mauzo, aliwaandikia wateja kwamba una harufu nzito ya mashambani. Ukaisha wote. Mimi ni mlokole, sijaonja hata tone, lakini kwa maneno ya Mama naujua mvinyo mwekundu wa 1990 kuliko ninavyowajua majirani zangu wa Germantown.

Mwaka jana mzee anayetuuzia Barolo, mvinyo mwekundu wa bei kubwa, alikuja mwenyewe kutoka kwao Piemonte, Italia. Alipanga mezani mvinyo wake wa mavuno ya miaka minne tofauti, kisha akatoa sharti: tununue shehena nzima ya 1992, mwaka ulioharibiwa na mvua, ndipo atuuzie ile miaka mizuri. Bosi alikwisha kutuonya kwamba tukimkosa mzee huyu, au tukibebeshwa mzigo usiouzika, idara ya Italia inafungwa na sote tunakwenda nyumbani.

Mama, kama mwenyeji, akazunguka na glasi. Kabla ya kumkabidhi kila aliyekuwa mezani glasi yake, alipiga funda moja humo humo. Mzee naye akapokea glasi iliyokwisha kunywewa. Akawa mwekundu kuliko mvinyo wake. Mutai akaninong'oneza, "Edah, Mama ametumaliza."

Mama akaeleza kwamba kwao humpi mgeni kinywaji usichokionja, asije akadhani umemtilia sumu. Halafu akashtuka: mvinyo haukuwa wake, basi mwenyeji hakuwa yeye. Aliomba radhi, akamimina ule wa 1992, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Kinywaji ni chako, baba. Onja wewe kwanza, ndipo sisi tunywe."

Mzee alikuwa amekuja kuusifu, si kuunywa. Watu wote tulimtazama. Akaonja, akauzungusha mdomoni, akatafuta ndoo, akatema. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi. Chupa ya 1992 aliiondoa mezani kwa mkono wake mwenyewe, akatuuzia miaka mingine bila sharti.

Mama sasa anahamia Beltsville kwa mwanawe, kulea wajukuu wanaomjibu kwa Kiingereza. Tunawaombea wajukuu hao.

Mama Domina, mpaka leo unatuomba msamaha kwa aibu ya siku ile. Usituombe tena. Kila mshahara tuliopeleka nyumbani tangu hapo umetokana na adabu yako, na tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Tunakupenda.