Kompyuta ya Soko la Ndhiwa Imepona, Isirudishwe

Mgeni rasmi, Madam Mellen Nchagwa, uliyetoka Migori alfajiri ukatufikia kabla chai yetu haijachemka, karibu sana!

MAKARIBISHO
Sisi wafanyabiashara wa soko la Ndhiwa, wanafunzi wa darasa la kompyuta, tuna furaha hadi tumeshindwa kukaa. Tunajua shirika lako limekutuma uirudishe kompyuta hii kwa sababu tuliripoti kwamba ni mbovu. Hatuna nyingine, na mtihani wetu wa vitendo ni wiki ijayo. Lakini Madam, imepona!

TULIKOTOKA
Mlipotuletea mashine hii tuliimba. Baadaye ikaanza tabia: kila ukiiwasha, skrini nyeusi, maandishi meupe, eti inakagua diski. Kesho tena. Keshokutwa tena. Muda wa darasa ni mfupi kabla soko halijachangamka, kwa hivyo tulikuwa tunabonyeza kitufe chochote kuuruka ukaguzi. Mwenzetu Mama Bitutu aliiombea, ikakagua vilevile.

Chanzo tulikigundua Ijumaa moja. Mwenye ufunguo wa darasa letu, Mama Nyasuguta wa ndizi, ni Msabato kamili. Jua likianza kushuka alikuwa anakuja mbio na kuzima stima ukutani, kompyuta ikiwa bado inafanya kazi. "Sabato hainipati na kitu kinanguruma hapa!" Mwalimu wetu, Stanley Orina, akashika kichwa: "Mama, kumbe ni wewe! Ikikatwa hivyo, ikiamka lazima ijikague." Mama hakukubali kushindwa. "Na nyinyi mnaoikatiza ikijikagua, je?" Haki ya Mungu, alisema kweli: ukaguzi usipoisha, kesho yake huanza upya. Tulicheka wote.

USHINDI WETU
Kwanza tulinakili kazi zote kwenye flashi. Kisha tukaiacha ijikague hadi mwisho. Ilichukua siku nzima, na Mayaka wa viatu alikalia mikono yake asibonyeze kitu. Asubuhi, wapi! Ikakagua tena. Tulivunjika moyo kabisa. Stanley akachomoa waya wa stima, akaifungua, tukapuliza vumbi la soko, na hapo mwenzetu Liz akaona: kebo ya diski imelegea. Akaikaza. Tukarudia ukaguzi, ukaisha. Kesho yake ikafunguka moja kwa moja, na soko zima likasikia vigelegele! Tangu hapo haijasumbua. Sasa Mama Nyasuguta mwenyewe ndiye huizima, polepole, kwa utaratibu, mapema kabla ya Sabato. Ukimwingilia atakufukuza.

CHANGAMOTO
Diski ni ya zamani, hatutakudanganya. Stima nayo hupotea yenyewe bila kungoja Ijumaa, hivyo betri ya kuisaidia mashine tutaipokea kwa mikono miwili.

OMBI
Madam, njoo uiwashe kwa mkono wako. Kisha mtazame Helen, muuza omena, yule pale mbele mwenye kitambaa cha kijani. Aliacha shule darasa la tano. Leo anachapa bila kuangalia vidole. Cheti cha pekee alicho nacho maishani ni cha ubatizo. Tuachie kompyuta, apate cha pili.

Mungu akurudishe Migori salama na akuzidishie kila ulilolishika. Ero kamano, asante sana.

Ni sisi,
Darasa la Kompyuta la Soko la Ndhiwa
Msomaji: Priscah Nyakerario, mshona nguo