Bi Huenda Anaondoka Kabla ya Majibu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wetu wa kuchangisha fedha za utafiti anastaafu baada ya miaka ishirini na sita kazini. Kamati ilitafuta msomi wa kumwandikia wasifu, ikamkosa, nikapewa mimi dereva wake. Wasomi wasinune. Nimebeba maprofesa wa kila aina, na shule niliyoikimbia darasani nimeimalizia kwenye usukani.

Tulimbatiza Bi Huenda. Kazi yake ilikuwa kuziombea fedha dawa za zamani: vidonge vya kisukari, vya minyoo, vya presha, vipimwe upya kama vinaweza kuizuia saratani. Kampuni hazitaki. Kidonge cha bei ya peremende hakina faida, na nani atamlisha jogoo akingoja mayai? Basi akabisha hodi kwa matajiri, misikitini, makanisani, hata kwa wauza mitumba, akawaambia kwamba wao ndio mabingwa wa kuipa nguo kuukuu maisha mapya. Walicheka mpaka wakachanga.

Tajiri mmoja alitaka kwanza aambiwe kwamba dawa inaponya, ndipo asaini. Wote tukamkonyeza Bi aseme ndiyo, mambo yaishe. Akajibu huenda, na kwamba angekuwa na uhakika asingekuja kumsumbua. Tajiri akaondoka na kalamu yake. Nilimlaumu Bi njia nzima. Akaninunulia soda, nikanyamaza.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wake wa tumbo moja aliugua saratani ya matiti, akajiunga na utafiti wetu. Humo, juu ya matibabu ya kawaida, nusu ya wagonjwa hupewa kidonge cha kweli, nusu cha bandia kinachofanana nacho, na wao wala madaktari wao hawaambiwi nani kapata kipi mpaka utafiti uishe. Mdogo mtu alimtania dada yake kwamba ndugu wa bosi lazima chake kimepakwa siagi. Mwaka jana akatutoka.

Mfamasia anayeitunza siri hiyo yuko mlango wa tatu kutoka ofisi ya Bi. Kila siku Bi alifika pale, akapunguza mwendo, akapita. Nilimwambia, Dada, uliza tu mdogo wako alipewa kipi, nani atajua? Akanijibu kwamba mdogo wake hakuvumilia vidonge vile vyote ili yeye aje kuvimwaga kwa swali moja.

Utafiti unaisha mwakani, na yeye anaondoka sasa.

Dada, asante kwa kutufundisha kuomba bila kudanganya. Tunakuombea afya, amani na usingizi mnono. Majibu yakitoka, yawe matamu au machungu, hatutakupigia simu. Nitakuja mwenyewe kukuchukua, twende ukaulize.