Mgongo Wangu na Kitanda cha Springi

Mmenipa kiti, ahsanteni, ila niacheni nisimame. Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu mnaouguza, poleni kwa kazi. Hapa hatutaji majina, kwa hiyo nitasema tu mama, dada na dokta. Nakaa Mwananyamala.

Mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea wote, maneno yakapotea. Mie ndiye niliyekuwa namnyanyua, kitandani, bafuni, kwenye kiti. Na mama yangu ni mwanamke wa mwili, si kama mie mnayeniona. Nilikuwa nainama, namkumbatia, namvuta. Mgongo ulikuwaga unauma, nameza vidonge vya dukani. Dada akipiga simu kuuliza, nasema niko sawa. Nyie mnaijua hiyo "niko sawa".

Asubuhi moja nikafunga mlango kwa komeo ili nimwogeshe kwa staha. Nikamnyanyua. Nikasikia kitu kimekatika kiunoni, mguu wa kushoto ukawa kama si wangu. Tukaenda chini wote wawili, yeye juu yangu. Ndugu zangu, nawaambia, pumzi yake ilikuwa inakoroma shingoni kwangu na siwezi hata kugeuka nimtazame. Nikaita. Jirani kafungulia redio, hasikii. Nikaita mpaka sauti ikaniisha. Majirani walipokuja kuvunja mlango, nilikuwa nanong'ona tu.

Hospitali wakamkuta mama salama, michubuko tu. Mie nikaambiwa diski ya uti wa mgongo imechomoza, inabana neva. Nikalala wiki nyingi. Mguu ukarudi. Hofu haikutoka. Dada akahama kutoka kwake Mtoni kuja kutuhudumia, na kila akiniambia nimshike mama japo bega, narudi nyuma. Siku moja nikamsikia kwenye simu: "Tumpeleke kwa ndugu Masasi. Huyu hamwezi tena." Mama naye alisikia. Akageuzia uso ukutani.

Hapo ndipo nikapelekwa kwa dokta wa viungo, binti mdogo tu, anayechunguza misuli ya kiwiliwili inavyofanya kazi. Akanilaza kwenye kitanda kinachoteleza juu ya reli, kimefungwa springi nne. Akanibandika vidude vyenye nyaya tumboni na mgongoni, kwenye kompyuta ikatokea mistari.

"Sukuma kwa miguu, mama. Taratibu. Kiuno kisicheze."

Nikasukuma. Mstari wa mgongo ukaruka juu. Wa tumbo ukabaki umelala.

"Unaona? Tumbo lako limegoma, mgongo unabeba peke yake."

"Dokta, nimezaa watoto watatu. Unadhani hilo tumbo lina kitu tena?"

Akacheka, akachomoa springi tatu. Nikafurahi, nikadhani ananihurumia. Akaniambia nipige magoti juu ya kile kitanda, nishike fito ya mbele, nikisukume nyuma kwa magoti bila mgongo kupinda. Jamani! Kitanda kikanikimbia, nikapiga kelele.

"Zile nne zilikuwa zinakurudisha," akasema. "Hii moja haikusaidii sana. Toa pumzi, ukaze tumbo, ujirudishe mwenyewe."

Nilitetemeka mpaka jasho likadondokea kitandani. Nililia, na si kwa maumivu. Nilikuwa naogopa kuanguka tena. Hakunibembeleza. Aliniwekea kiganja kiunoni akasubiri. Nikarudia, nikarudia tena. Ghafla akasema, "Mama, tazama!" Ule mstari wa tumbo ulikuwa umenyanyuka. Kidogo, lakini umenyanyuka.

Nikaendelea kwenda miezi kadhaa.

Sasa sikilizeni. Mchana mmoja wa mvua, dada katoka kufuata dawa. Mama yuko bafuni kwenye kiti cha plastiki. Nikasikia kiti kinakwaruza. Nikakimbia. Namkuta anateleza, kichwa kinaelekea ukingo wa saruji. Nikaita dada, labda karudi, nikaita jirani, mvua kwenye bati inameza kila kitu. Nikaganda mlangoni. Nawaambia ukweli, nilitaka kukimbia.

Nikapiga goti. Nikamsogelea mpaka kifua kikagusana na kifua. "Mama, nishike shingo kwa mkono mzima." Akashika. Nikatoa pumzi, nikakaza tumbo, nikaipa miguu kazi. Tukapanda. Nikamkalisha. Tukabaki tunahema, maji yanatuchuruzika, hajaniachia shingo. Ndipo akasema neno la kwanza lililoeleweka tangu augue: "Nisiende."

Dada aliporudi alitukuta vile vile. Habari ya Masasi ikaishia hapo.

Dokta nilipomsimulia alinigombeza. "Safari hii umepona. Siku nyingine muwe wawili." Ndivyo tunavyofanya sasa, mie na dada, kila mmoja upande wake, tunahesabu mpaka tatu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada aliyeacha kwake, dokta aliyenivumilia, na majirani waliovunja mlango wangu. Mlango nimeutengeneza, komeo sifungi tena. Ninalowaomba ni hili: mgongo ukiuma, sema ungali unasimama. Usingoje mgonjwa wako aje kukuangukia.

Kuna mmoja wetu hapa, tangu tuanze kakaa kwa upande, anabadilisha nyonga kila dakika. Nimemwona. Simtaji. Nikimaliza hapa, nakuja kukaa karibu yako.